Waacheni Watoto wa Katubuka Wachore Amani Wanayoijua

Barua ya wazi kwa Afisa Elimu Msingi wa Manispaa ya Kigoma Ujiji, Afisa Elimu Kata ya Katubuka, walimu wakuu na kamati za shule zetu za msingi

YAH: KIPINDI CHA KUCHORA NA MAFUNZO YA AMANI

Ndugu viongozi na walimu wangu,

 

Mimi ni mchora mabango hapa Katubuka. Naandika majina ya mitumbwi kule Kibirizi, bei za mchele kwenye kuta za maduka, na lile tangazo la "Usikojoe hapa" ambalo hakuna anayelitii. Pia ni mzazi. Nawaandikia kuomba jambo moja: watoto wetu wapewe nafasi shuleni ya kueleza kwa mchoro amani ni kitu gani kwao, na sisi wakubwa tujizuie kuwachorea jibu.

Nasema tujizuie kwa sababu jibu tumezoea kuwapa. Mwambie mtoto wa darasa la tano achore amani. Atakuletea njiwa mwenye tawi mdomoni, mikono miwili iliyoshikana, na bendera ya taifa pembeni. Geuka kwa jirani yake, njiwa yule yule. Darasa zima limetoa njiwa mmoja, ama kwa sababu mwalimu alimchora ubaoni, ama kwa sababu wamemwona kwenye fulana za maadhimisho. Mimi sina ugomvi na njiwa. Ametoka katika kisa cha Nuhu, na mabangoni alipata umaarufu baada ya Pablo Picasso kumchora, naye akawekwa kwenye bango la mkutano wa amani uliofanyika Paris mwaka 1949. Lakini tukumbuke kwamba Picasso alichota nyumbani kwao. Baba yake alikuwa mchoraji aliyependa kuchora njiwa, na mtoto alikua akiwaona. Mtoto wa Katubuka naye ana vya kwao. Swali ni kama kuna mtu aliyewahi kumuuliza.

Siku moja nilikuwa napaka rangi ukuta wa genge lililo karibu na bomba la mtaa. Watoto walinizunguka, kama kawaida yao wakiona kopo la rangi limefunguliwa. Nikawagawia vipande vya boksi na rangi zilizobaki, nikawaambia kila mmoja achore amani. Wengi walichora njiwa. Binti mmoja wa miaka kama kumi alichora ndoo. Alizipanga mstari mmoja, kila ndoo na rangi yake, mwisho wa foleni akaweka dumu la njano la mafuta ya kula lililokatwa mdomo. Bomba alilichora kubwa kuliko watu. Nikamuuliza, amani yenyewe iko wapi hapa? Akaweka kidole kwenye ndoo ndogo nyekundu, ya pili kutoka mbele, akasema, "Hii ya bibi, mjomba. Alichelewa, wakampisha."

Ndugu walimu, mtoto huyo hakufundishwa hilo na mtu yeyote. Anajua foleni ya maji ikiwa na ugomvi inakuwaje, kwa hiyo anajua pia siku isiyo na ugomvi inafananaje. Ndani ya picha yake kuna sheria, kuna aliyeifuata, na kuna aliyenufaika. Hotuba nyingi za jukwaani kuhusu kudumisha amani hazifiki hapo, maana hazisemi nani ampishe nani.

Na kama kuna mji ambao watoto wake wana la kusema kuhusu jambo hili, ni huu wetu. Ziwa Tanganyika limezungukwa na nchi nne: sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Yanayotokea ng'ambo hutufikia kwa mtumbwi kabla hayajatufikia kwa redio. Walimu wengi mnaikumbuka Mei 2015. Burundi ilichafuka baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutangazwa kugombea muhula wa tatu, na makumi ya maelfu ya watu wakamiminika katika kijiji cha Kagunga, mwambao ule mwembamba uliobanwa kati ya mlima na maji. Kipindupindu kikaingia, kikaua. Meli ya Liemba ikawa inakwenda kuwachukua na kuwaleta Kigoma, wakapumzishwa katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka Nyarugusu, wilayani Kasulu. Kambi hiyo iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo ilivuka watu 150,000 mwaka huo wa 2015.

Wanafunzi walioko darasani leo ama hawakuwa wamezaliwa, ama walikuwa wamebebwa mgongoni. Lakini wamesikia. Wamesikia kwa mama aliyepeleka uji, kwa baba aliyeendesha bodaboda usiku kucha, kwa shangazi aliyeolewa ng'ambo. Wapo pia wanaokaa nao dawati moja ambao bibi zao walikuja na wimbi la wakimbizi la mwaka 1972, au la 1993. Mambo hayo hawayasemi darasani kwa sababu hakuna somo linaloyauliza. Kwenye karatasi yatatoka.

Chukueni Liemba peke yake. Wajerumani waliijenga kwao, mjini Papenburg, mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli na kwa reli, ikaunganishwa upya hapa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ikawekewa mizinga. Mwaka 1916 wenyewe waliizamisha wasiiache mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kubeba abiria kwa jina la Liemba. Meli iliyotumika vitani ndiyo iliyokwenda kuwachukua waliokimbia mapigano. Hiyo ni historia yetu, tena inachoreka. Mpeni mtoto karatasi tatu: meli yenye mizinga, meli iliyo chini ya maji, meli iliyojaa watu wenye magodoro. Atakuwa amejifunza Historia ya Tanzania na Maadili bila kukariri mwaka hata mmoja, na mwaka ataukumbuka vilevile.

Mchoraji wa kwetu alishatuonyesha kwamba kazi hii si ya mchezo. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora picha kubwa za ukutani katika kanisa la Fort Hall, mji unaoitwa leo Murang'a, nchini Kenya. Kanisa lenyewe lilijengwa kuwakumbuka Wakristo wa Kikuyu waliouawa wakati wa vita vya Mau Mau. Majeraha yalikuwa mabichi, majirani walikuwa wameuana. Njau angeweza kunakili picha za Ulaya, zenye malaika wa nywele za dhahabu. Badala yake alimchora Yesu Mwafrika, akizaliwa, akibatizwa na kusulubiwa katika nchi ya vilima ambayo waumini wale waliitambua kuwa yao. Maisha yake yote, hata alipofungua kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi mwaka 1965, alisisitiza kwamba msanii asinakili. Naomba msimamo huo uandikwe kwenye andalio la somo.

Mfano wa pili unatoka mbali, Hiroshima. Shule ya msingi ya Honkawa ilikuwa karibu kabisa na pale bomu la atomiki lilipolipukia Agosti 1945, na karibu wanafunzi wote waliokuwapo pale walikufa. Baada ya vita, watoto wa kanisa la All Souls la Washington, Marekani, walikusanya penseli, kalamu za rangi na karatasi, karibu nusu tani, zikapelekwa Hiroshima. Watoto wa Honkawa wakajibu kwa kuchora na kutuma picha zao Marekani. Mtu angetarajia moto na maiti. Wao walichora miti ya maua, wenzao wakicheza, nyumba, jua. Waliochungulia kifo walipopewa rangi walichagua kuonyesha kilicho hai. 

Tena kuna upande wa pili. Mwaka 2007 watoto wa Darfur waliokuwa katika kambi za wakimbizi nchini Chad walipewa penseli na shirika la Waging Peace, wakachora vijiji vinavyoungua, ndege na watu wenye bunduki. Picha zipatazo 500 zilikusanywa, na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ikazipokea kama ushahidi wa mazingira ya yaliyotokea. Mtoto anaweza kuchora maua, anaweza kuchora moto. Kazi ya mwalimu ni kupokea vyote viwili bila kukunja uso.

Hapo ndipo penye ugumu, na sitaki kuuficha. Mtoto akipewa uhuru wa kuchora amani, atachora pia mahali ilipokosekana, na pengine mahali hapo ni kwetu. Atachora baba anayerudi usiku na mama aliyejificha jikoni. Atachora fimbo ya mwalimu. Atachora nyumba zilizozingirwa na maji ya bwawa la Katubuka, na wakubwa wakibishana nani alipwe fidia. Tukimfinya sikio kwa picha hiyo, tumemfundisha kwamba amani ni kunyamaza, na somo hilo hatalisahau. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na kusikilizwa. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, katika ibara ya 13 unataja sanaa kwa jina miongoni mwa njia za mtoto kujieleza. Kwa hiyo ninachoomba si hisani.

Nayajua majibu nitakayopewa, maana nimeyasikia kwenye vikao vya wazazi.

La kwanza ni muda. Mitihani inakuja, shule inapimwa kwa ufaulu, na kipindi cha sanaa ndicho cha kwanza kukopwa na Hisabati, wala deni halilipwi. Lakini mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 una somo la Sanaa na Michezo. Kipindi kimo kwenye ratiba tayari. Naomba tu kisiliwe.

La pili ni vifaa. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, alitumia rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao za bei rahisi. Alifariki mwaka 1972. Kwa miaka ile michache alianzisha mtindo unaobeba jina lake dunia nzima. Hapa kwetu tuna mkaa, tuna udongo mwekundu, tuna manjano ya jikoni, tuna majani ya kisamvu ya kusugulia kijani. Boksi la sabuni likipasuliwa ni ubao tosha. Tone la mawese kwenye karatasi hupitisha mwanga, na mtoto akilishika dhidi ya dirisha anapata karabai ya mvuvi usiku ziwani. Mtoto asiyeona vizuri apewe udongo wa mfinyanzi, naye afinyange anachotaka kusema.

La tatu ni wingi wa watoto darasani. Ni kweli, na mimi sisimami mbele yao kila siku kama nyinyi. Lakini kuchora ni kazi ambayo darasa kubwa linaweza kuifanya kwa wakati mmoja, kila mtu na kipande chake, wengine wakiwa chini ya mwembe. Kisichowezekana ni kusahihisha zote kwa alama, na alama hazihitajiki.

Kuna mashindano ya kimataifa ambayo tunaweza kujifunza kwayo utaratibu. Tangu mwaka 1988 vilabu vya Lions duniani vimekuwa vikiendesha mashindano ya bango la amani kwa watoto wa miaka 11 hadi 13, ambalo ndilo rika la madarasa yetu ya juu. Wana kanuni moja ninayoipenda kama mtu wa fani: mbele ya bango hairuhusiwi herufi wala tarakimu, kwa lugha yoyote. Mimi nakula kwa kuandika herufi, lakini kanuni hiyo naiunga mkono. Mtoto akikatazwa kuandika "TUDUMISHE AMANI" kwa maandishi makubwa, inambidi afikirie inadumishwaje, na nani, na wapi. Asiyejua Kiswahili vizuri kwa sababu nyumbani wanazungumza Kiha, Kirundi au Kibembe, siku hiyo anakuwa sawa na wenzake.

Basi maombi yangu ni haya.

Kwanza, kila shule ya msingi ya kata yetu ilinde kipindi kimoja kwa wiki cha kuchora, na mwalimu mkuu akilinde kama anavyolinda kipindi cha Kiingereza.

Pili, siku ya kuchora amani mwalimu asiweke mfano ubaoni. Aulize maswali: Ni lini uliona watu waliogombana wakipatana? Nani aliwapatanisha, na walikuwa wamesimama wapi? Mtaani kwenu ugomvi huanzia wapi? Baada ya hapo akae kimya, atembee katikati ya madawati, awaache.

Tatu, michoro ionyeshwe watu wanapopita. Tarehe 16 Juni ni Siku ya Mtoto wa Afrika, tunapowakumbuka wanafunzi wa Soweto wa mwaka 1976. Tarehe 21 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Amani. Mojawapo itoshe. Picha zitundikwe kwa kamba na vibanio vya nguo nje ya ofisi ya kata au sokoni, zote, za waliochora vizuri na za waliochora vibaya, na kila mtoto asimame kando ya yake aieleze kwa wapita njia. Michezo ya shule za msingi ya UMITASHUMTA imewapa watoto wetu pa kukimbia, pa kuchezea ngoma na pa kuimbia kwaya. Mtoto mkimya naye apate pa kwake.

Nne, wakiwapo waamuzi, wasizawadie unadhifu. Mimi ni mnadhifu wa mistari, na nawaambia kwa uzoefu kwamba mstari ulionyooka hufundishika kwa wiki chache. Jicho la kuona ndoo ya bibi ndilo la kutafutwa.

Tano, mtoto alindwe. Picha yake isirushwe kwenye makundi ya WhatsApp ikiwa na jina lake na darasa lake. Mchoro ukionyesha jambo la kutisha la nyumbani, usiwe kichekesho cha chumba cha walimu. Upelekwe kwa mwalimu wa ushauri nasaha na kwa afisa ustawi wa jamii, na namba 116 ya kuwasaidia watoto ipo na haina malipo. Mwalimu asijifanye mpelelezi wala asimbane mtoto kwa maswali. Asikilize, apeleke panapohusika.

Sita, na hili ni kwa kamati za shule na sisi wazazi, tuje tuone. Mtoto akichora halafu hakuna aliyekuja kutazama, ni kama amenyoosha kidole darasani na mwalimu akampita. Na tukija, tusimuulize "hii nini?" kwa dharau. Tumwambie, "Nieleze."

Tusijidanganye kwamba picha zitasimamisha vita vya ng'ambo. Zina kazi ndogo kuliko hiyo, nayo inatosha. Mtoto aliyezoea kuona mambo ya mtaa wake, akayaweka mbele ya watu na kuyaeleza bila kutukanwa, akikua ana njia ya kusema hapana kabla mkono haujainuka. Ambaye hakuizoea njia hiyo atakuja kuvikuta vikao, kura na mabaraza vikimngoja, naye hana la kusema ila kupiga kelele au kupiga watu.

Kwa upande wangu, nimeshazungumza na mafundi rangi wenzangu wa Katubuka. Mabaki ya makopo tuliyozoea kuyatupa tutayakusanya na kuyafikisha shuleni, pamoja na brashi zilizochoka ambazo kwa mtoto bado ni nzuri. Nipo tayari kuja kuonyesha namna ya kuchanganya rangi, na nitaondoka kabla hawajaanza kuchora nisiwaharibie.

Ninachosubiri ni ruhusa yenu. Tuanze na shule moja, darasa moja, kipindi kimoja, ndani ya muhula huu, bila njiwa ubaoni. Mkishaona watakachokileta, mtaamua wenyewe kuhusu shule nyingine.

Naomba kuwasilisha.

Mchora mabango na mzazi,
Kata ya Katubuka, Kigoma